Njia ya Pwani Ipite Kariakoo

Wanafunzi wenzangu, mgeni ashukaye katika Kiwanja cha Ndege cha Julius Nyerere mara nyingi huuliza swali moja: nitafikaje pwani? Nasi wenyeji, kwa kupenda sifa, humpakia katika teksi na kumpeleka moja kwa moja Coco Beach. Mimi naona desturi hiyo si njema, na nasema hivyo kwa kuwa niliifuata mwenyewe nikaaibika.

Desemba 2023 mjomba wangu alikuja kutoka Mwanza kwa ndege. Hakuwa ameiona bahari maisha yake yote. Mama alinipa shilingi 40,000 nikampokee, akanionya nimlete kwanza nyumbani Kariakoo, maana alikuwa amepika. Lakini niliona haya. Niliwaza vichochoro vyetu, makelele ya wachuuzi, na chumba chetu kimoja chenye pazia katikati. Nikamwambia dereva asiingie Kariakoo kabisa.

Tuliifuata Barabara ya Nyerere, tukapita juu ya daraja la Mfugale pale Tazara, tukaingia mjini, kisha tukashika njia ya Ocean Road hata Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, ambalo limepita juu ya maji kwa zaidi kidogo ya kilometa 1. Mjomba alifurahi sana. Pale Coco Beach tulikula mihogo ya kukaanga na kunywa madafu. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mpwa wangu, dada yangu anakaa upande gani wa mji huu? Mbona hatukupita kwake?" Sikuwa na jibu. Fedha za mama zilikuwa zimekwisha, na chakula chake kilikuwa kimepoa.

Tangu siku ile nimeifikiri sana njia hiyo. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, mahali petu palikuja kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, walioitwa Carrier Corps, na ndilo jina lililogeuka kuwa Kariakoo. Baadaye wakoloni waliugawa mji: Wazungu upande wa bahari, hata Oyster Bay, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe mpaka. Mpaka huo hauna nguvu tena. Lakini mimi, mtoto wa Kariakoo, nilipomwamuru dereva atuzungushe, je, sikuuchora upya kwa mkono wangu?

Watu wengine watasema Kariakoo kuna foleni na wezi wa mifukoni, na mgeni mwenye mizigo atasumbuka. Ni kweli, wala sikatai. Mwenye mizigo mizito na apande teksi, lakini ateremkie nyumbani, aweke mizigo, ale, ndipo aende baharini kwa gari la abiria pamoja na wenyeji wake. Foleni si sababu ya kumficha ndugu yako.

Tena kuna mengi ya kumwonyesha. Jengo kuu la soko lilichorwa na Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Liliungua Julai 2021, lakini wafanyabiashara hawakukaa chini kulia. Waliendelea kutafuta riziki mitaani. Mgeni akiona hayo ameujua mji. Akiona mchanga na mawimbi peke yake, ameona pwani tu.

Jioni ile tulipanda gari la abiria kurudi Kariakoo, na nauli alilipa mjomba. Tulishuka penye msongamano, tukapita baina ya mafungu ya nyanya na marobota ya vitenge. Yeye alikuwa akisalimiana na kila mtu kama yuko kwao. Mama alipasha chakula moto bila kunikemea hata neno moja, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Basi, enyi wenzangu, likizo inakaribia na wageni watakuja. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona vipi ikiwa mgeni hakufikishwa kwake? Bahari haihami. Tumpeleke mgeni kwanza nyumbani.