Alama nzuri, mikono mitupu: mitihani ya madaktari wetu wa mifugo

Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo anaweza kukariri majina ya misuli yote ya ng'ombe kwa Kilatini, apate alama nzuri, na siku ya kwanza ya kazi kule Masisi asijue ini lenye minyoo linafananaje. Kwangu mimi, kosa si lake.

Wazazi wa Goma wanaotaka mtoto asomee kazi hii humtuma Butembo, kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, ama mbali kabisa, Lubumbashi. Tangu Goma iingie mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, Butembo imebaki ng'ambo ya mstari wa vita. Benki za Goma zilifungwa, uwanja wa ndege pia. Mwanafunzi anaingia blokusi, zile wiki za kujifungia na sillabusi, lakini akili iko nyumbani: wamekula? Minervali itapitia wapi? Kumwambia huyo « soma kwa bidii tu » ni kumchokoza.

Halafu kuna chumba cha kupasulia. Mbuzi mmoja mezani, wanafunzi wengi wamemzunguka, wa nyuma wanaona tu migongo ya wenzao. Formoli inachoma macho, nayo ni dawa inayoweza kuleta kansa, lakini glavu anavaa aliyejinunulia. Wengine wanatapika mara ya kwanza. Si aibu. Wanaozoea haraka ni wale waliokula kidogo kabla ya kuingia, wakasogea mbele, wakashika kisu wenyewe, na jioni wakachora kwa mkono walichokiona. Mchoro wako mbaya utakusaidia mtihanini kuliko picha nzuri ya kwenye simu.

Mnaniuliza kwa nini nasumbuka na mizoga wakati watu wenyewe wanakufa? Mwezi wa nne 2025, Hifadhi ya Virunga ilitangaza kwamba viboko wasiopungua 50 walikufa kwa kimeta, ugonjwa ambao wengi tunauita antraksi, upande wa mto Ishasha, kusini mwa Ziwa Edward. Kimeta kinapita kwa mbuzi, kwa ng'ombe, na kwa mtu anayechuna ngozi au kula nyama ile. Na hapa ndipo somo la kupasua linakuwa kitu kingine: mnyama aliyekufa ghafla, damu isiyoganda inamtoka puani, hapasuliwi hata kidogo. Ukimfungua, hewa inaingia, viini vinajigeuza mbegu ngumu, na mbegu hizo zinakaa udongoni miaka na miaka. Daktari anachukua damu kidogo kwa ajili ya maabara, mzoga unachomwa au kuzikwa chini sana. Kujua wakati wa kuweka kisu chini, hilo unaonyeshwa na mtu aliyekwisha kuona, ukiwa umesimama kando yake.

Sasa angalia mtihani wetu ulivyo. Karatasi, maswali matano, saa mbili, andika ulichokariri. Mfumo wa LMD, ulioanza nchini mwaka wa masomo 2021-2022, unahesabu saa za pratiki ndani ya kredi. Kwenye karatasi ni vizuri sana.

Maabara ya bei nafuu tunayo tayari, nayo ni kichinjio. Kila asubuhi ng'ombe wanafunguliwa pale bila chuo kulipa hata franga moja ya kununua mnyama. Vyumba vinne vya tumbo viko wazi mezani, mapafu yenye vidonda vya kifua kikuu yanaonekana kwa macho, na ugonjwa huo unaingia nyumbani kwetu ndani ya maziwa yasiyochemshwa. Asistanti mmoja, wanafunzi kumi, mkaguzi wa nyama, saa kumi na mbili asubuhi. Wachinjaji watacheka mwanzoni, kiisha watazoea. Na alama za mwaka zigawanywe nusu kwa nusu, karatasi na mikono. Profesa atakayesema hana wakati wa kusahihisha mikono, atuambie wakati wa kuuza sillabusi anautoa wapi.

Penye kuandikwa « pesa za pratiki » kwenye risiti, mzazi ana haki ya kuuliza: mwaka huu mtoto wangu ameshika mnyama mara ngapi? Aulize kabla ya sesioni ya kwanza, wakati jibu bado linaweza kubadilika.