Nimelima Deni: Utetezi wa Hedifoni Kuukuu

Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kukiri kosa. Mimi ninayejiita mwandishi nilimsingizia marehemu babu yangu maneno asiyoyasema. Nikayaandika, nikayasoma mbele za watu, nikapigiwa makofi. Na shahidi wangu wa uongo alikuwa hedifoni mpya, nyekundu, inayong'aa, isiyo na waya, niliyoinunua stendi hapa Lamadi kwa shilingi 25,000.

Kisa chenyewe ni hiki. Babu alikuwa mkulima wa pamba na mwimbaji wa ngoma, katika ule ushindani wa Bagika na Bagalu unaojulikana Usukumani kote: mavuno yakiisha, makundi mawili yanakutana uwanjani, kila moja likitaka kuvuta watu upande wake. Mwaka 1994 baba mdogo alimrekodi kwa redio kaseti, nje ya nyumba, kuku wanalia na upepo wa ziwa unavuma. Babu hayupo tena. Kaseti ipo.

Nikaihamishia kwenye simu, nikavaa nyekundu yangu, nikaanza kunakili. Kuna mahali babu anaimba juu ya msimu wa pamba, kisha anasema kitu na watu wote wanacheka. Nilisikia: "nimelipa deni." Nikajenga hadithi nzima juu ya mzee mwenye fahari, mzee aliyelipa madeni yake akatembea kifua mbele. Washikaji wa kikundi chetu cha uandishi wakaisifu kweli kweli.

Shangazi alipoisikia hakusifu. Aliniangalia, akasema: "Mwanangu, baba yangu hakuwahi kulipa deni lile. Umemtia maneno mdomoni." Nikabisha. Eti nimesikia kwa masikio yangu! Masikio gani?

Ndipo nikaenda kwa fundi redio wa mtaani kwetu. Mzee yule ana hedifoni kuukuu, nzito, za kufunika sikio lote, mgongo wake umezibwa, waya umeungwa kwa risasi mahali pawili. Nikazichomeka kwenye simu. Sauti ikatoka kwa mbali kama mtu anayeongea ng'ambo ya mto. Nikacheka: "Mzee, hizi zimekufa." Akanijibu: "Kijana, hazijafa. Umezipa uji wa mtoto, nazo zinataka ugali." Akazichomeka kwenye amplifaya yake ya zamani, akaiweka kaseti yenyewe kwenye deki, akabonyeza.

Babu akaimba: "Nimelima deni."

Nimelima deni! Msimu mzima mzee ameinamia jembe, na alichovuna ni deni. Ndiyo maana watu walicheka, kicheko cha watu wenye deni lilelile. Herufi moja tu. Mimi nilikuwa nimekigeuza kilio cha mkulima kuwa majigambo.

Sasa naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kila cha zamani ni dhahabu, wala kila kipya ni takataka. Wapo watengenezaji wa leo wanaofanya kazi safi. Ninachopigana nacho ni ule ugonjwa wetu vijana wa kununua hedifoni kwa macho na kwa besi. Tunasimama mezani kwa muuzaji, anaweka wimbo wenye besi ya kutikisa meno, tunasema "hii kali!", tunalipa. Nembo yenyewe mara nyingi ni feki. Wahenga walishasema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Besi iliyozidishwa inafanya nini? Inafunika. Sauti nzito zikiwa na nguvu mno, sauti nyepesi zinazotenganisha "p" na "m", "s" na "sh", zinamezwa, na sikio linajaza pengo kwa kubahatisha. Kwa mcheza disko si neno. Kwa mwandishi ni msiba, kwa sababu mwandishi anaishi kwa herufi hizo.

Tazameni upande wa pili. Mwaka 1985 Sony walitoa MDR-V6, na mwaka 1991 wakatoa ndugu yake, MDR-7506. Mwaka huohuo wa 1985 Beyerdynamic wa Ujerumani walitoa DT 770. Zote ni za mgongo uliozibwa. Hazikukusudiwa kumfurahisha mtu stendi. Ni vyombo vya kazi, vya watu wa studio na redio wanaotaka kusikia kosa kabla halijaenda hewani. Ndiyo maana 7506 imepita miaka 30 na bado unaiona studio. Mto ukichanika unabadilishwa, waya ukikatika unaungwa. Ng'ombe hazeeki maini, bwana!

Na kwa nini mgongo uzibwe? Njoo Lamadi ukae siku moja. Tuko kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, na hapahapa ndipo njia ya Bariadi inapochepuka. Malori, mabasi, bodaboda, mashine ya kusaga, spika ya mhubiri, spika ya muuza dawa ya panya. Hedifoni zenye mgongo wazi ni nzuri chumbani kwenye utulivu, lakini hapa zitakuletea lori ndani ya wimbo. Utaongeza sauti kulishinda lori, na hapo unajiua mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipandisha desibeli 3 tu, muda huo unabaki nusu: saa 20. Ukipandisha 3 tena, saa 10. Hedifoni iliyozibwa vizuri inazuia kelele nje, nawe unasikiliza kwa sauti ya chini. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini la kwako bado halijafa. Litunze.

Sasa nije kwenye ndoa, maana hedifoni na mashine ni mke na mume. Wasipoendana, nyumba haikaliki. Kila hedifoni ina ukinzani wake, unaohesabiwa kwa omu. Zile DT 770 zilitoka za omu 32, 80, 250, hata 600. Chukua mashine inayotoa volti 1. Kwenye omu 32 utapata nguvu ya kama miliwati 31. Kwenye omu 250 utapata miliwati 4 tu. Volti ni ileile, nguvu imeshuka mara nane! Huo ndio uliokuwa uji wangu wa mtoto. Hedifoni za fundi hazikuwa mbovu, simu yangu ndiyo iliyokuwa dhaifu.

Upande mwingine nao una mtego. Amplifaya nyingi za zamani hupitishia sauti ya hedifoni kwenye rezista kubwa. Ukichomeka hapo hedifoni ya omu 32, besi huvimba na kulegea. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukinzani wa tundu la mashine usizidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Kwa ya omu 250, tundu lisizidi kama omu 31. Kwa zile Sony za omu 63, lisizidi kama 8. Lakini Sony hizo ni sikivu, hata simu ya kawaida yenye tundu inazitosha kabisa. Kama huna amplifaya, hizo ndizo zako. Na mito ikipasuka, usilaumu hedifoni kwamba haina besi: besi inavujia hapo. Badilisha mito kwanza, ndipo utoe hukumu.

Hapa nina ugomvi pia na mabwana wakubwa wa mjini, wale wanaosema bila mashine ya mamilioni na waya wa fedha husikii kitu. Uongo mtupu! Waya wa fedha haugeuzi "lipa" kuwa "lima". Fundi wangu anaunga waya kwa risasi, na ndiye aliyenirudishia babu.

Wapo pia wanaosema hedifoni ni ubinafsi, kwamba muziki wetu ni wa uwanjani, wa watu wengi. Nawaheshimu, lakini nawauliza: nani anakataza uwanja? Ngoma ichezwe uwanjani. Ila mzee akishaondoka na kimebaki kiutepe chembamba kilichojaa kuku na upepo, heshima ni ipi: kukipigia spika ya bodaboda, au kukaa kimya peke yako na kulisikia kila neno lake? Mimi nilipovua hedifoni zile, nilimwita shangazi, nikamvalisha. Alisikiliza mpaka mwisho wa upande wa kwanza bila kusema kitu. Kisha akasema: "Geuza." Huo ni ubinafsi?

Vijana wenzangu, hii si hoja ya vyombo tu. Kaseti zilizoko makabatini kwa wazazi wetu zinaoza, na wanaozijua sauti zile wanaondoka. Kila siku tunajigamba kuwa tutaandika habari za watu wetu. Tutaziandikaje kama hatuwasikii? Hadithi yangu ilipigiwa makofi kwa sababu hata mliopiga makofi mlitaka babu awe amelipa. Ilikuwa tamu zaidi hivyo. Chombo kibovu na sikio linalopenda utamu, hao wawili wakioana, ukweli hauna pa kulala.

Hadithi ile nimeichana. Ninaiandika upya, na safari hii mzee halipi kitu. Kama una kaseti kabatini na hedifoni kuukuu mvunguni, usizitupe. Peleka kwa fundi, uliza omu zake, tafuta mashine inayoendana nazo. Kisha kaa kimya, usikilize. Nikikosea tena, shangazi yupo.