Mashine Isiamue Nani ni Mwananchi

Akili mnemba inasifiwa siku hizi kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa wa urasimu. Yasemwa kuwa itaandika barua, itafupisha majalada na kujibu maombi ya wananchi kwa dakika chache. Kazi hizo si haramu. Lakini kusaidia kuandika ni jambo moja, na kuamua haki ya mtu ni jambo jingine kabisa.

Mfano ulio wazi uko Kasulu na Kibondo. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kuwapokea wakimbizi kutoka Kongo. Mwaka 2015 kambi ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena kwa ajili ya Warundi. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, na majina ya pande zote mbili za mpaka hufanana. Kwa sababu hiyo wananchi wa Buha wamelalamika mara nyingi kwamba hutiliwa shaka wanapoomba kitambulisho cha taifa. Ikiwa afisa mwenye macho na masikio hukosea, mashine iliyofunzwa kwa maandishi ya mbali, ambamo Kiha ni nadra, itajuaje? Tena mashine hiyo ina hulka mbaya: isipojua, hubuni jibu, na hulitamka kwa ufasaha ule ule wa anayejua.

Uholanzi, yenye kompyuta tele, imekwisha kuonja uchungu huo. Mitambo ya kodi iliyohesabu uraia wa kigeni kuwa dalili ya hatari ilichangia kuwasingizia maelfu ya wazazi udanganyifu wa posho za malezi, na Januari 2021 serikali ikajiuzulu.

Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayompa mtu haki ya kudai asiamuliwe na mtambo peke yake katika jambo linalomgusa sana. Sheria hiyo isilale kabatini. Majalada ya waombaji na ya wakimbizi yasimwagwe katika mashine za ughaibuni. Kila uamuzi uwe na sahihi ya afisa, na mwananchi aelezwe sababu na mahali pa kukata rufaa.

Mashine haili kiapo cha utumishi, wala haiitwi mbele ya mkutano wa kijiji kujieleza. Basi iwe karani tu, na mtumishi abaki mwenye dhamana. Anayejificha nyuma ya kompyuta ili asiulizwe ameuvika urasimu nguo mpya.