Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Mbwa anayeuma ana mwenyewe

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI,
Dodoma.

Yah: Mbwa wanaouma watu mitaani na wajibu wa wanaowafuga

Mheshimiwa Waziri,

Mtaani kwetu mbwa ana mwenyewe usiku anapowabwekea wezi. Ana mwenyewe anapozaa na watoto wake wakauzwa. Siku anapomng'ata mtoto wa watu, hana mwenyewe. Anageuka mbwa aliyejijia tu, au mbwa wa jirani aliyehama, au mbwa koko wa jalalani. Mama wa mtoto anabaki na kidonda, nauli ya hospitali ya wilaya na sindano ambazo si moja. Haya yamempata jirani yangu, na wazazi wenzangu wengi wana simulizi kama hiyo, kiasi kwamba siwezi kuendelea kuyaita bahati mbaya. Nimekuandikia wewe kabla ya mawaziri wenzako wa Afya na Mifugo kwa sababu mbwa huyu anafahamika kwanza kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na ofisi hiyo iko chini yako.

Watu hudhani mwenye mbwa anatafutwa ili alipe. Kulipa alipe, lakini kabla ya pesa kuna jambo la kitabibu. Mbwa akijulikana anaweza kufungwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, ina maana siku alipouma hakuwa akiambukiza kichaa cha mbwa, na daktari anaweza kusitisha dozi za chanjo zilizobaki. Akitoroka, au wananchi wenye hasira wakimuua na kumfukia, hakuna wa kusema alikuwa na nini, na aliyeumwa hana budi kumaliza dozi zote. Hapo ndipo familia zinapokwama. Dozi ya kwanza inapatikana kwa kukopa, ya pili kwa kuuza kuku, ya tatu inaachwa kwa kuwa kidonda kimeshafunga. Kumbe kidonda kufunga hakumaanishi lolote. Virusi hupanda taratibu kupitia mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, mara nyingi kwa mwezi mmoja hadi mitatu, na dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Mwaka 2002 watafiti waliofuatilia watu walioumwa na mbwa nchini walikadiria vifo vya kichaa kuwa karibu 1,500 kwa mwaka. Kumbukumbu rasmi wakati huo zilionyesha wastani wa vifo visivyofika 11. Makadirio hayo ni ya zamani, nakubali, lakini pengo la namna hiyo linatueleza watu hawa walikuwa wakifia wapi: nyumbani, mbali na daftari la mtu yeyote. Shirika la Afya Duniani linasema watu 4 katika kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15.

Sheria hatukosi. Ipo Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003, na sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zinaipa kila halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Tunachokosa ni daftari. Mtendaji wa mtaa anajua nani anadaiwa mchango wa ulinzi shirikishi. Anaweza pia kujua nani anafuga mbwa wangapi na walichanjwa lini. Naomba kila halmashauri iagizwe kuwaandikisha mbwa mtaa kwa mtaa, na sheria ndogo iseme wazi kwamba mbwa akiuma mtu nje ya geti, mwenye mbwa atagharamia dozi zote na nauli, bila aliyeumwa kulazimika kwanza kufungua kesi mahakamani. Na kile kibao cha "Mbwa Mkali" kisitumike kama kinga. Aliyekibandika ametangaza mwenyewe kwamba anajua anafuga nini, kwa hiyo wajibu wake wa kufunga geti ni mkubwa kuliko wa jirani yake.

Halmashauri nyingine hukimbilia kuwapiga mbwa risasi. Mheshimiwa, njia hiyo naipinga kwa moyo wote. Inaua hata waliochanjwa, na nafasi zao huchukuliwa na wageni wasiochanjwa. Njia inayofanya kazi tunayo hapa hapa nchini. Pemba ilichanja mbwa kisiwa kizima, na kufikia mwaka 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka. Chanjo ilipolegea, kikarudi mwaka 2016. Wakachanja tena kila mwaka, na mwaka 2018 kikatoweka tena. Kinachotakiwa ni kuchanja mbwa wapatao 70 katika kila 100, na kutoacha mwaka unaofuata.

Lipo la shuleni pia. Watoto wetu huondoka nyumbani gizani, saa ile ile ya waumini kwenda msikitini na ya mbwa kuachiwa wazunguke. Wafundishwe kwamba mbwa usiyemjua hakimbiwi, maana ukikimbia unamwalika akufukuze. Simama wima, mikono ubavuni, usimkazie macho, kisha rudi nyuma polepole. Usimguse mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha, na usidhani kila anayetikisa mkia anakupenda. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kabla ya kutafuta bodaboda ya kwenda hospitali. Pilipili, mafuta na majani yaliyotwangwa yanayopakwa huku kwetu hayaui virusi, yanapoteza muda. Somo hili halihitaji kitabu kipya. Mwalimu wa zamu anaweza kulitoa mstarini asubuhi moja.

Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na kama kawaida zitakuwepo hotuba na chanjo za bure viwanjani. Mwaka huu naomba uagize kila mkurugenzi abandike siku hiyo, kwenye ubao wa matangazo wa kila kata, mbwa wangapi wameandikishwa, wangapi wamechanjwa, watu wangapi waliumwa tangu Januari, na wangapi kati yao walimaliza dozi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mzazi na mkazi wa mtaa