Lango la Ruvuma linafungwa kwa amri ya nani?

KIJANA unayekimbilia mabasi na maji ya kuuza pale Nanganga, jiulize: ni nani anayepanga idadi ya wakimbizi wanaoingia nchi hii kwa mwaka? Usijisumbue. Idadi haijatangazwa, na wewe hukuulizwa.

Wamarekani, pamoja na maringo yao, jibu wanalo. Sheria yao ya Wakimbizi ya 1980 inamtaka Rais ashauriane na Bunge, kisha atangaze kikomo kabla ya Oktoba 1, mwaka wao wa fedha unapoanza. Kikomo chenyewe si ahadi. Mwaka 2021 kilikuwa 62,500, walioingia hawakufika 12,000. Mwaka 2024 kilikuwa 125,000 na Wakongo ndio walioongoza. Kwa mwaka wa fedha 2026 Donald Trump akakishusha hadi 7,500, nafasi nyingi wakatengewa makaburu wa Afrika Kusini! Mkongo aliyesubiri miaka nenda rudi kambini Nyarugusu, kule Kasulu, akaachwa solemba.

Huo ni uonevu, lakini una tarakimu na sahihi ya mtu. Wabunge wa upinzani kule walipiga kelele kwamba hawakushauriwa, wakataja sheria iliyovunjwa.

Sisi je? Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 haina hesabu ya mwaka. Wakubwa watasema hiyo ndiyo hekima, kwani vita haipigi hodi. Ni kweli. Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo ndani ya saa 24. Lakini Machi 1995 mpaka wetu na Burundi ulifungwa. Kumbe kikomo kipo! Ila kimefichwa mfukoni mwa wakubwa.

Mwaka 1964, vita vya FRELIMO vilipoanza, maelfu walivuka Ruvuma kuja Kusini wakapokewa. Wengine walipewa makazi Rutamba, Lindi. Machi 2021 magaidi waliposhambulia Palma, watu wakavuka mto ule ule. Safari hii, kwa mujibu wa UNHCR, zaidi ya 9,000 walirudishwa kupitia Negomano kati ya Januari na katikati ya mwaka huo. Waliorudishwa walisimulia kwamba walihojiwa, na asiye na kitambulisho cha Tanzania akapakiwa garini. Bunge gani lilipitisha hilo? Waziri gani alitia sahihi?

Hatusemi gaidi afunguliwe mlango. Mwenye bunduki akamatwe. Tunachotaka ni Waziri wa Mambo ya Ndani asimame Dodoma kila mwaka wakati wa bajeti, aseme wangapi wamepokewa, wangapi wamerudishwa na kwa nini. Kisha ataje nchi imejiandaa kupokea wangapi mwaka unaofuata. Namba hiyo iwe ya kuandalia chakula na mahema, isiwe kufuli. Vita ikizidi, arudi Bungeni aombe nyongeza.

Usiseme haya ni ya Wamsumbiji. Mmakonde wa Mueda na Mmakonde wa Newala wana lugha moja. Ukiwatazama usoni huwezi kuwatenganisha, na kinachobaki ni kile kitambulisho. Haya, wewe wa kijiweni, chako kiko wapi? Amri isiyoandikwa haina rufaa. Siku ikikukuta mtoni mikono mitupu, utamwonyesha nani kifungu cha sheria?