Kayna: Masomo ya msingi ni ya bure, lakini watoto hawaanzi sawa

Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, serikali ya Kongo inasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, kama kifungu cha 43 cha katiba kinavyoomba. Wazazi wengi walishukuru. Lakini hapa Kayna, wilayani Lubero, kuko mzigo mwingine ambao hauandikwe kwenye risiti.

Tuchukue watoto wawili wa darasa moja. Wa kwanza, mama yake ni mwalimu. Nyumbani anasikia Kifaransa, kitabu kiko juu ya meza, na kila jioni anaulizwa alijifunza nini. Wa pili, wazazi wake ni wakulima. Anasikia Kinande, na Kiswahili cha sokoni. Anajua majira ya kupanda maharagi, anarudishia mnunuzi pesa yake bila kukosea. Mwalimu akiuliza kwa Kifaransa, wa kwanza anainua mkono. Wa pili ananyamaza, na watu wanasema: "Huyu hana akili."

Pierre Bourdieu, mtaalamu Mfaransa aliyefariki mwaka 2002, alikataa maneno ya namna hiyo. Pamoja na Jean-Claude Passeron, katika vitabu vya 1964 na 1970, alieleza kwamba familia inamuachia mtoto "mtaji wa utamaduni": lugha, vitabu, mazoea ya kusoma, namna ya kujieleza. Mwenye duka yeyote wa Kayna anaelewa hii: aliyeanza na mtaji mkubwa anapata faida mbio, hata kama hana akili kumshinda jirani. Shule inatoa pointi kwa mtaji ule, kisha inauita kipawa.

Kwetu si jambo jipya. Wabelgiji walileta kadi ya sifa ya kiraia mwaka 1948, kisha uandikishaji wa 1952, kwa wale walioitwa évolués, maana yake watu walioendelea. Wachunguzi walifika hadi nyumbani kuangalia namna mtu anaishi na anakula. Mafundisho ya kyaghanda, pale wazee wa Kinande walielimisha vijana kando ya moto, hayakuhesabiwa. Kadi zilikwisha, kipimo kikabaki: hata leo disertasyo ya Exetat inaandikwa kwa Kifaransa.

Vita inaongeza tofauti hiyo. Mapigano yalipofika Kanyabayonga na Kayna mwezi wa 6 mwaka 2024, familia nyingi zilikimbia kuelekea Lubero na Butembo. Madaftari yalibaki. Mtoto aliyezoea kusoma nyumbani alibeba mazoea yake kichwani. Mwenye alitegemea shule peke yake alibaki mikono mitupu.

Kifaransa hakiwezi kutupwa, ndicho kinafungua mlango wa diploma. Lakini sheria ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumiwe katika kufundisha. Mwalimu anaweza kueleza hesabu kwa Kinande ao Kiswahili, kwa mfano wa mifuko ya maharagi, kisha akapeleka watoto kwenye Kifaransa. Mzazi asiyejua kusoma naye anaweza kumwambia mtoto asimulie somo la leo kwa lugha ya nyumbani. Hiyo haiombi pesa. Vitabu na mafunzo ya walimu, hiyo ni kazi ya serikali.

Kwa hiyo, mbele ya kusema mtoto hana akili, tuulize kwanza: aliulizwa kwa lugha gani?