Karani Akigeuzwa Mjenzi

Wanachama kadhaa walio wilayani wametuuliza kama Chama kina shauri lolote juu ya njia zitumiwazo kujengea majumba ya Serikali. Wengine hudhani kuwa jambo hili ni la wahandisi tu, wala halimhusu mtu wa meza na faili. Sisi twaona latuhusu sana, maana katika njia mojawapo mjenzi ni sisi wenyewe.

Njia ya zamani yajulikana. Msanifu huchora ramani, mkadiriaji hufanya hesabu ya kazi na vifaa, ndipo zabuni hutangazwa na mkandarasi hupatikana, naye hana budi awe ameandikishwa katika Bodi iliyowekwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1997. Akimaliza, sehemu ya fedha zake huzuiliwa mpaka kipindi cha matazamio kipite, na ukuta ukipasuka katika muda huo huitwa aurekebishe kwa gharama yake. Njia hii ni ya polepole. Makaratasi yake ni mengi, na ramani ikibadilishwa katikati ya kazi mkandarasi hudai nyongeza. Walakini wako watu watatu, kila mmoja na sahihi yake: mwenye jengo, mchoraji na mjenzi. Mmoja akikosea, mwingine yupo wa kumwambia.

Njia ya pili ni kumpa mtu mmoja kazi zote mbili, kusanifu na kujenga. Kazi huanza upesi, kwa kuwa msingi waweza kuchimbwa hali ramani za juu zingali mezani. Mfano mashuhuri kwetu ni mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaliyojengwa na Wakala wa Majengo Tanzania: majumba 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, kwa shilingi bilioni 10, nayo yakafunguliwa Aprili 2017. Haraka ile yastahili sifa. Desemba mwaka huo huo habari za nyufa zikaenea, na Wakala ukajibu kuwa ni nafasi zilizoachwa kwa makusudi ili jengo lipate kutanuka. Hatuna sababu ya kuudharau ujuzi wa wahandisi wake; ila ndivyo njia hii ilivyo, aliyejenga ndiye aulizwaye kama amejenga vema. Mwenye jengo aweza kumweka mhandisi wake wa kukagua, lakini huyo hutaka malipo, na fedha zikipungua huwa wa kwanza kukatwa.

Sasa twafika penye jambo letu. Njia ya tatu huitwa fosi akaunti: ofisi au shule hununua vifaa yenyewe, na mafundi wa mtaani hulipwa ujira wa kazi tu. Mwaka 2021, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, Serikali ilianza kujenga vyumba vya madarasa 15,000, yaani 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, na kwa sehemu kubwa njia iliyotumika ni hii. Watoto waliokuwa wakibanana walipata pa kukaa, na ujira ulibaki kwa waashi na maseremala wa mahali pale. Asiseme mtu kwamba twaipinga.

Lakini ni nani aliyefanya kazi ya mkandarasi? Ni mwalimu mkuu, mhasibu, karani wa manunuzi, pamoja na wanakijiji, katika kamati za ujenzi, za ununuzi na za mapokezi. Hao ndio waliohesabu mifuko ya saruji alfajiri, wakabishana na mwenye lori la mchanga lisilojaa, wakatia sahihi kwamba nondo zilizoshushwa ni za unene ulioandikwa, hali wengi wao hawajapata kufundishwa kuutambua unene huo. Kisha kila chumba kilihesabiwa shilingi milioni 20, kilicho karibu na viwanda vya saruji na kilicho mbali navyo. Aliyepanga hesabu hiyo yaelekea hajapata kuvusha saruji kwenda Ukerewe.

Faida ya mkandarasi iliokolewa, ni kweli. Walakini sehemu ya akiba hiyo ni kazi ya mtumishi ambayo haikuandikwa katika hesabu yoyote. Na kasoro ikitokea baada ya miaka miwili, fundi amekwisha hama, wala mara nyingi hapana fedha iliyozuiliwa ya kumrudisha. Mkaguzi akija hukuta jina moja katika hati ya kupokelea, nalo ni la mwenzetu.

Kwa hiyo twataka fosi akaunti iwe ya madarasa, vyoo, nyumba za walimu na matengenezo. Jengo la ghorofa lisijengwe hivyo, hata fedha zikiwa chache. Mhandisi wa wilaya atie sahihi kabla ya zege la msingi na la lenta kumwagwa, na tena kenchi zikiisha kupandishwa, si baada ya rangi. Mtumishi ateuliwaye apewe hati yenye mipaka ya kazi yake, na siku za kufundishwa zihesabiwe kuwa siku za kazi.

Mpaka hayo yatimizwe, mwanachama asikiri unene wa nondo asizozipima. Aandike idadi, na kando yake aandike wazi kwamba unene haukupimwa. Nakala ya hati aipeleke kwa Katibu wa tawi lake, ambaye ataziweka pamoja na kuzifikisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri.